Mrejesho: leva ya gia iliyokuwa inalegalega

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu leva ya gia ya gari yangu: inayumba kama mwiko kwenye sufuria, natafuta namba tatu inaingia tano. Nimerudi kushukuru, maana fundi wa kwanza alitaka tushushe gia boksi nzima.

Mliosema nianze na bushi, yaani vile vipande vya plastiki vinavyoshikisha kebo za leva kwenye gia boksi, mmeniokoa. Nilifanya lile jaribio: gari imezimwa, mwanangu anatikisa leva, mimi namulika tochi chini ya boneti, pale kebo zinaposhika gia boksi. Kebo inatembea, mkono wa gia boksi umetulia tuli! Bushi ya kebo inayofanya kazi leva ikienda kushoto na kulia ilikuwa imelika, kimebaki kipande.

Ushauri wenu wa kukaza kebo hiyo kwa mpira wa tyubu niliufuata nikisubiri hela. Ulidumu siku mbili, ukakatika kwenye foleni Ubungo. Siupendekezi.

Kariakoo nilizunguka maduka manne. Nendeni na bushi ya zamani mkononi, kwa macho zinafanana ila tundu zinatofautiana. Fundi wa mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, akabadilisha za kebo zote mbili na kupaka grisi, haikufika saa moja. Leva sasa imekaza, namba zinaingia zenyewe.

Kilichobaki: namba mbili bado inakwaruza nikirudisha gia kwa haraka. Fundi anasema hilo ni la ndani ya gia boksi, bushi haziwezi kuliponya. Kwa sasa naishusha taratibu. Tukifungua, nitawaambia tulichokuta.

Asanteni sana.