Plagini thelathini na kitu, simu inasoma 31: nipunguze au niongeze ya kache?

spea_kisekka

Jamani habari za humu. Mimi nauza spea za Toyota pale soko la Kisekka, Kampala, nina tovuti ya WordPress na duka la WooCommerce ndani yake, kuna kijana alinitengenezea. Zamani mtu akiandika taa ya Premio Kampala kwenye Google tulikuwa tunatokea juu kabisa, sasa hivi unateremka weee mpaka unachoka na hutuoni. Nimepima kasi kwa PageSpeed Insights, kipimo cha Google chenye alama hadi 100, kompyuta inanipa 84 lakini simu ni 31, nyekundu, na wateja wangu karibu wote wako kwenye simu.

Yule kijana anasema tatizo ni plagini (programu ndogo za kuiongezea tovuti kazi), ziko thelathini na kitu, anataka laki nne azipunguze zibaki kumi. Mwingine hapa Wandegeya ananiambia asikudanganye huyo, weka moja tu ya kache, ile inayohifadhi ukurasa tayari ili ufunguke haraka, mambo yanaisha. Nilizo nazo ni WooCommerce yenyewe, mbili za SEO, za kusaidia tovuti ionekane Google (sijui kwa nini mbili), slaida ya mwanzo, kitufe cha WhatsApp, fomu, ya bekapu, ya usalama, ya kugeuza shilingi kuwa dola, kile kidirisha kinachoruka kuomba imeili, kiboksi cha Facebook pembeni, ya kuhesabu wageni, na nyingine hata kazi yake siijui. Nimsikilize nani kabla sijatoa hela?

kijana_wa_ntinda

Thelathini banange!! Futa zote uache WooCommerce, hayo mengine ni mapambo.

fundi_mbarara

Usifute zote ssebo, utafunga duka mwenyewe. Na laki nne kwa kuhesabu plagini, hapana.

Idadi peke yake haikuambii kitu. Plagini ya bekapu ni kama askari wa usiku sokoni, mteja hakutani naye, inafanya kazi yake nyuma na kurasa zako haizigusi sana. Lakini slaida moja inaweza kuja na mafaili yake ya CSS, JavaScript na fonti, halafu inayapakia kwenye kila ukurasa, hata ukurasa wa mawasiliano ambao hauna slaida yoyote, na fomu nyingi nazo zina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hii plagini inamfanya mteja wangu apakie nini, na inaifanya seva itafute nini kwenye databesi kila mtu akifungua.

Unaweza kuona mwenyewe bure. Chukua kompyuta, fungua tovuti yako kwenye Chrome, dirisha la siri ili isikutambue kama mwenye duka, bonyeza kulia, Inspect, halafu Network, pakia upya. Utaona orodha ndefu ya mafaili, zipange kwa ukubwa. Anwani ya faili ikiwa na /wp-content/plugins/ basi neno linalofuata ndilo jina la plagini iliyolileta. Ikiwa ni /wp-content/uploads/ mara nyingi hiyo ni picha yako, usiisingizie plagini. Upande wa seva weka plagini ya Query Monitor, itakuonyesha kila plagini inauliza databesi mara ngapi na inachukua muda gani, ukimaliza uitoe. Na kama unataka kujaribu kuzima bila kuharibu kazi, plagini ya Health Check & Troubleshooting inazima kwako wewe tu uliyeingia, wateja wanaendelea kuona duka kama kawaida.

Angalia pia ndani ya WordPress, Tools, Site Health. Kuanzia WordPress 6.6 inakuonya kama data inayopakiwa kila ukurasa kutoka kwenye databesi imezidi KB 800, maana kuna plagini ulizofuta zamani lakini zimeacha takataka zao humo.

Sasa hilo la Google, hapa ndipo watu wanapigwa hela. Ile 31 ni jaribio, wanaigiza simu ya kawaida kwenye mtandao wa polepole, na Google haikupangi kwa alama hiyo. Inachoangalia ni watu halisi wenye Chrome waliofungua tovuti yako ndani ya siku 28, na katika kila ziara mia angalau 75 ziwe nzuri: kitu kikubwa cha juu kionekane ndani ya sekunde 2.5 (LCP), mtu akigusa kitu ukurasa umjibu ndani ya milisekunde 200 (INP, hii imechukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, tangu Machi 2024), na vitu visirukeruke wakati anasoma, CLS isizidi 0.1. Hapo ndipo kile kidirisha chako cha imeili kinaweza kukuumiza. Duka dogo lenye wageni wachache linaweza lisiwe na data hiyo kabisa, utaona wanakuambia hakuna.

Na kasi yenyewe ina uzito wake lakini haiwi mbele ya kinachojibu swali la mtu. Iliingia kwenye hesabu za Google mwaka 2010, kwenye simu ikaja Julai 2018, na walisema wakati ule inagusa kurasa zilizo polepole kupindukia tu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa juu kabisa kisha akapotea kabisa, mimi siamini ni slaida. Nenda Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, sehemu ya Pages, usome sababu ya kurasa kutowekwa kwenye Google. Na hizo SEO mbili zinanitia wasiwasi kuliko zote, kila moja inaandika maelezo yake na kanoniko yake (anwani inayoiambia Google ndiyo ukurasa halisi), Google inakuta majibu mawili kwenye ukurasa mmoja.

dada_wa_jinja

Fundi amesema vizuri ila mmesahau tuko Uganda. Hicho kiboksi cha Facebook!! Facebook haifunguki hapa bila VPN tangu Januari 2021. Kikiwekwa vibaya, yaani skripti yake ikiwa juu kwenye kichwa cha ukurasa bila async (neno linaloiambia brauza isiisubiri), brauza ya mteja inaweza kukaa inasubiri mtu asiyekuja, na hata ikiwekwa vizuri kile kiduara kinazunguka tu na pembeni panabaki peupe. PageSpeed haitakuonyesha hilo kwa sababu inapimia nje huko, na mwenye tovuti pia haoni kwa sababu simu yake ina VPN masaa yote. Zima VPN boss, utumie MB za kawaida, fungua duka lako kama mteja. Weka link ya kawaida tu ya ukurasa wako, anayetaka ataifuata.

spea_kisekka

Asanteni sana, nimefanya yote hayo. VPN nikazima, kweli kiduara kinazunguka mpaka basi, kiboksi nimekitoa. Kwenye Network nilitegemea kukuta plagini juu, kumbe juu kabisa ni picha tatu za slaida, uploads, kila moja MB tano na kitu, ni picha za stoo zimepigwa kwa simu zina upana wa pikseli 4000 halafu kwenye simu ya mteja zinaonekana pikseli mia tatu na kitu. Slaida nimeiua, nimebaki na picha moja niliyoipunguza nikaifanya WebP, aina ya faili nyepesi. Ya kuhesabu wageni nayo ilikuwa inauliza databesi kila ukurasa, imeondoka.

Ila kubwa ni Search Console. Kurasa za kategoria zote, ikiwemo ile ya taa, zimeandikwa zimetolewa kwa sababu ya noindex, yaani amri ya kuiambia Google isiuweke ukurasa kwenye matokeo. Nimechimba, moja ya zile SEO mbili imewashwa noindex kwenye kategoria za bidhaa. Yule kijana nimempigia, hapokei. Sasa nizime hiyo tu? Na kache niweke au nisiweke?

fundi_mbarara

Hahaha sasa laki nne ingeishia wapi. Sikiliza, kabla ya kuzima angalia ipi ina maelezo na vichwa ulivyoandika, SEO nyingi zina sehemu ya kuhamisha data kutoka kwa mwenzake, hamisha kwanza ndipo uifute hiyo nyingine. Halafu fungua ukurasa wa taa, tazama kodi yake (bonyeza kulia, View page source), tafuta neno noindex, likiwa halipo nenda Search Console uombe ukurasa huo usomwe upya. Haitarudi kesho, vumilia.

Kache sasa weka, ila moja tu, mbili zinagombana. Hosti yako ikiwa inatumia seva ya LiteSpeed chukua ile ya LiteSpeed. Mambo ya kuangalia ni haya, picha ya kwanza juu isiwekewe lazy load (kucheleweshwa mpaka mtu aifikie) maana plagini nyingi za kasi zinaiwekea bila kuuliza na LCP inazidi kuwa mbaya, na kikapu, malipo na akaunti ya mteja visiingie kwenye kache hata kidogo. Nyingi zinaviruka zenyewe kwenye WooCommerce lakini hakikisha, jaza kikapu kwenye simu yako halafu ufungue kwenye simu ya mtu mwingine, kikapu chako kisionekane huko. Na ile ya kugeuza dola pia, ukurasa ukihifadhiwa wakati mtu wa nje anautazama, mteja wa hapa Nakawa anaweza kuletewa uleule. Akikupigia analalamika bei ziko kwa dola, anzia hapo.