Mjadala: Je, wazee wa mtaa waachiwe kumaliza kesi za unajisi?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: kwa kuwa kesi za unajisi huchukua muda mrefu mahakamani, na kwa kuwa mtuhumiwa mara nyingi ni jamaa au jirani, basi familia na wazee wa mtaa waruhusiwe kuzimaliza kwa sulhu na fidia. Wanaoitetea hoja hii hapa Mombasa si watu wabaya, na baadhi yao wameshuhudia mtoto akirudishwa mahakamani mara baada ya mara huku kesi ikiahirishwa. Hata hivyo, ninaipinga kabisa.

Sheria yenyewe haikuacha mwanya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaamuru kifungo cha maisha kwa aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo, na kisichopungua miaka 20 ikiwa mtoto ana miaka 12 hadi 15. Tena uamuzi wa kusitisha mashtaka haukuachiwa polisi wala chifu, sembuse mzee wa mtaa. Tangu Katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Tuzingatie pia sulhu inavyofanyika. Wanaoketi barazani ni watu wazima, fedha hupokewa na watu wazima, na mtoto haulizwi anataka nini. Kisha anaendelea kuishi ua mmoja na yule aliyemdhuru. Wakati wazee wanajadiliana kiasi cha fidia, saa 72 ambazo ndani yake mtoto angepewa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapita, na ushahidi ambao daktari angeuchukua unapotea. Hasara hiyo hailipiki kwa fidia yoyote.

Lakini serikali nayo isijifiche nyuma ya ukali wa adhabu. Mama wa Likoni anayetakiwa kufika mahakamani kisiwani hatozwi kitu akivuka feri kwa miguu, ila kibarua cha siku ile kimekwenda, na ikiwa mtuhumiwa ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba, kila kesi inapoahirishwa njaa inamsukuma kuelekea kwa wazee. Mtuhumiwa akipata dhamana na kurudi mtaa uleule, mama huyo hana pa kumpeleka mwanawe. Miaka 20 ya kifungo iliyoandikwa kwenye kitabu haimsaidii yeyote ikiwa shahidi amenyamazishwa kabla ya kusikizwa, ingawa, na hili wazazi wengi hawalijui, Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu katika makosa haya kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu zake.

Kwa hiyo ninapendekeza kaunti na serikali kuu zigharimie makao salama ya muda kwa mtoto na mlezi wake, pamoja na posho ya shahidi. Chifu atakayesimamia sulhu ya namna hii naye ashtakiwe. Ndugu zangu mnaounga mkono sulhu, naomba mnijibu jambo moja: baada ya fidia kulipwa, ni nani atakayemlinda mtoto wa nyumba ya pili?