Nimeruka vidonge siku mbili, sasa natoka matone

Wamama na dada, naombeni ushauri. Niko Bukavu, nauza vitenge Kadutu. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango, ile karatasi ya 28: nyeupe 21 zenye dawa, kahawia 7 zisizo na dawa hiyo. Juzijuzi nilienda matanga Idjwi, karatasi ikabaki chini ya mto nyumbani. Siku mbili sikumeza. Niliporudi nikameza viwili mara moja, kichefuchefu usiku kucha! Sasa siku ya tatu naona matone ya damu ya kahawia, hata pedi hayajazi.

Famasi wameniambia niache, nianze karatasi mpya. Yaya, mkubwa wangu, anasema niendelee, ila kondomu siku saba. Zimebaki nyeupe tisa. Bwana tulikutana naye usiku ule niliporudi. Nifuate nani? Na kipimo cha mimba nifanye lini?