Themostati ipi inafaa pampu ya joto ya hatua mbili yenye hita ya umeme?

MkaziWaOhio

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kabla sijanunua. Nyumba ipo Columbus, Ohio. Nje kuna pampu ya joto (mashine inayopasha nyumba joto na pia kuipoza) ya tani 3, yaani uwezo wake, si uzito. Kompresa yake ni ya hatua mbili, nguvu ndogo na nguvu kubwa. Ndani kuna mashine ya kupuliza hewa yenye hita ya umeme ya kilowati 10. Themostati iliyopo ni ya zamani, ina Y (waya wa kuwasha kompresa) moja tu, na alama ya hita ya akiba inawaka hata siku ambazo nje hakuna baridi ya kutisha. Bili imepanda sana. Ukutani kuna kebo ya nyaya 8. Sita zimefungwa, mbili zimekunjwa nyuma hazina kazi. Madukani naona maboksi yameandikwa 2H/1C, 2H/2C, 3H/2C na 4H/2C. Nichukue ipi? Na ni lazima iwe ya Wi-Fi?

FundiHewa

Mkuu, kwako kiwango cha chini ni 3H/2C. H ni hatua za joto, C ni za baridi. Kompresa inakupa hatua mbili za joto, hita inakuwa ya tatu. Msimu wa joto kompresa hiyohiyo inakupa hatua mbili za baridi.

Kuwa makini na boksi la 2H/2C. Mara nyingi namba hiyo inahusu nyumba yenye tanuri la gesi la hatua mbili na kiyoyozi cha hatua mbili. Tafuta mstari unaotaja pampu ya joto peke yake, maana themostati moja huwa na namba mbili tofauti. Honeywell T6 Pro ya namba TH6320U, kwa mfano, inabeba 3H/2C kwenye pampu ya joto lakini 2H/2C kwenye mfumo wa kawaida.

Sasa hiyo Y moja. Zima breka zote mbili, ya ndani na ya nje, kisha fungua kifuniko cha mashine ya ndani uangalie bodi. Utakuta mojawapo ya haya. Huenda fundi aliunganisha Y1 na Y2 pamoja, hivyo kompresa inakimbia nguvu zote muda wote. Au Y2 imeachwa tupu, na kompresa haivuki hatua ya kwanza, ambayo ni takriban theluthi mbili ya uwezo wake. Kwa dalili ulizoeleza, ninashuku hii ya pili: pampu inashindwa kufikia joto uliloweka, themostati inaona muda unapita, inaita hita. Hita ya kilowati 10 kwenye volti 240 inavuta karibu ampea 42. Na uniti moja ya umeme kwenye hita inakupa uniti moja ya joto basi, wakati pampu nzuri hata nje kukiwa karibu na kuganda inakupa mbili au zaidi. Bili yako imejificha hapo.

Nyaya 8 zinakutosha. Unahitaji R (umeme unaokuja), C (wa kurudishia), Y1 na Y2 (hatua mbili za kompresa), G (feni), O/B (vali inayogeuza pampu kati ya kupasha na kupoza) na W1 (hita), jumla 7. Ya nane iweke kwa ajili ya W2, yaani sehemu ya pili ya hita. Hita nyingi za kilowati 10 ni mbili za kilowati 5 zilizounganishwa kwa kipande kifupi cha waya kati ya W1 na W2. Ukichukua 4H/2C unaweza kukitoa kipande hicho, ikawa inawaka nusu kwanza. Si lazima, ila kwa nyumba ya huko ningelipa hiyo tofauti ya bei.

Mama Salim

Naongezea kwa aliyosema Fundi: rangi za nyaya zisikudanganye, fuata herufi zilizo kwenye bodi. Hapo kwenye O/B ndipo watu wengi huunguza fyuzi. Mashine nyingi hutumia O, yaani vali ya kugeuza gesi hupata umeme mashine inapopoza. Rheem na Ruud kwa kawaida hutumia B, vali hupata umeme mashine inapopasha joto. Lakini kwenye mashine nyingi za Trane, hasa za zamani, B ni waya wa kurudishia umeme, yaani ndiyo C yenyewe! Ukiipeleka kwenye O/B ya themostati mpya, vali ikiitwa tu umefunga shoti ya transfoma. Ukibahatika inaungua fyuzi ya ampea 3 au 5 kwenye bodi. Bodi isiyo na fyuzi, transfoma ndiyo inakwenda.

Pima kwa mita kati ya R na C kabla ya kufunga themostati: volti 24 hadi 28 za AC. Chini ya hapo usiendelee, tafuta sababu kwanza.

FundiHewa

Sahihi kabisa dada. Na mtu asome kwanza kama mashine yake ni ya zile zinazozungumza na themostati kwa data, zenye vituo vya A, B, C, D badala ya Y na W. Hizo zinataka themostati ya kampuni yake, la sivyo unapoteza mpangilio wote wa hatua.

MkaziWaOhio

Asanteni sana. Nimefungua: Y2 kwenye bodi iko tupu kweli. Herufi ni O. Je, nikishafunga mpya, niweke mipangilio gani ili hita isiwake ovyo?

Jirani wa Dayton

Hapa ndipo jibu la Wi-Fi linapoingia. Unahitaji themostati inayojua joto la nje, ama kwa kihisi chenye nyaya mbili kinachowekwa ukuta wa kaskazini mbali na jua, ama kwa taarifa za hali ya hewa kupitia intaneti. Kihisi hakikatiki mtandao ukikatika, mimi ningekipendelea. Themostati isiyo na njia yoyote kati ya hizo usiinunue, hata kama ina kioo kizuri.

Kisha weka hivi:

- Aina ya mfumo: pampu ya joto. Ukichagua mfumo wa kawaida, themostati itaifanya hita kuwa chanzo kikuu cha joto na pampu itabaki ya kupoza tu. Nyumba itapata joto vizuri, kwa hiyo hutagundua mpaka bili ije.
- Hita isiwake nje kukiwa juu ya nyuzi 35 za Fahrenheit. Anzia hapo, nyumba ikishindwa kupata joto, panda hadi 40.
- Kompresa usiizuie kuwaka kwa sababu ya baridi, isipokuwa kitabu cha mashine kimesema. Hita zako zinaweza kufanya kazi pamoja nayo. Wenye tanuri la gesi ndio hawapaswi kuliwasha pamoja na pampu, kwa kuwa koili ya pampu inakaa juu ya tanuri.
- Usiku usishushe zaidi ya nyuzi 2 au 3. Ukishusha 8, asubuhi themostati inaona pengo kubwa na kuita hita, na ulichookoa usiku kinaishia hapo.

Jaribio la mwisho: pandisha joto kwenye themostati, subiri dakika 5 za ulinzi wa kompresa. Ikipuliza baridi, geuza O kuwa B kwenye menyu, usiguse nyaya. Na ule waya wa W unaotoka mashine ya nje kwenda ya ndani usiuondoe. Pampu inapoyeyusha barafu hugeuka kupoza kwa dakika chache, na waya huo ndio unaowasha hita ili ndani msipulizwe baridi. Hita kuwaka wakati huo si kosa la themostati.