Mrejesho: mikia na beji za wanyama katika tamasha la mashabiki

Ninawashukuru wote mlionijibu nilipouliza iwapo mikia na masikio ya mbweha ninayoshona kwa manyoya bandia yangeweza kurudisha gharama ya kukodi meza ya kuuzia katika tamasha la mashabiki wa katuni na wahusika wa kubuni. Gharama imerudi na faida imebaki, ingawa haikutoka nilikoitarajia: mikia ilivuta watu, wakaishika na kupiga nayo picha, kisha wengi wao wakanunua stika na beji, ambazo mtu hazifikirii mara mbili.

Ushauri ulionisaidia zaidi ni ule wa kuchora beji papo hapo. Mteja hueleza mhusika wake, yaani mnyama wa kubuni anayemwakilisha, rangi zake na mabaka yake, hulipa kabla sijagusa kalamu, kisha hurudi baadaye kuichukua. Na kwa kuwa mhusika huyo ni wa mteja mwenyewe, silazimiki kuwaza hakimiliki, kama ambavyo ningelazimika iwapo ningeuza picha za wahusika wa katuni maarufu. Oda nilizifunga mapema, maana mkono uliochoka huwafanya mbwa mwitu wote wafanane.

Aliyenielekeza kukata manyoya kwa wembe upande wa nyuma, ncha ikipita kwenye kitambaa pekee, alisema kweli kabisa: nyuzi zilibaki na urefu wake, na mshono haukuonekana. Bei ya mikia nimeipandisha ili ilipie pia saa za kushona, na katika tamasha lijalo nitaitundika nyuma yangu, meza yote ibaki kwa beji.