Mwili uko Dar, mazishi ni Marangu Jumamosi: tuanzie wapi?

Mjukuu wa Kihamba (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Shangazi amefariki usiku wa kuamkia leo Jumanne, mwili uko mochwari hapa Dar. Ukoo umeamua azikwe kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Marangu mkoani Kilimanjaro, Jumamosi. Kamati imeundwa mchana huu, mimi nimeangukiwa na ukatibu. Nyumbani tunategemea waombolezaji kama 300. Naomba wanaojua wanielekeze: mwili utahimili mpaka Jumamosi? Kaburi tujengee au tuzike kwenye udongo? Na bajeti tuipangie ahadi zilizoandikwa au vipi? Marehemu alikuwa Mlutheri.

Nesi Mstaafu
Poleni sana na msiba. Nendeni mochwari kesho asubuhi na mapema mkaulize kama mwili umepigwa dawa au umewekwa kwenye friji tu. Watu huchanganya mambo haya mawili. Friji inachelewesha mwili kuharibika, lakini ukitoka humo saa zinaanza kuhesabika. Dawa yenyewe, formalini inayopitishwa kwenye mishipa, ndiyo itakayowabeba kwa safari ya zaidi ya kilomita 500 na usiku mzima sebuleni. Msiiache mpaka Ijumaa. Damu ikishaganda dawa haisambai sawasawa, na mara nyingi uso ndio unaoonyesha.

Jeneza msinunue kwa kukisia. Mhudumu awapimie urefu na upana wa mabega, kwenye urefu muongeze inchi mbili au tatu. Chini ya kitambaa cha ndani ilazwe nailoni nzito iliyokunjwa juu pembeni, na pamba ya kutosha, maana mwili uliotoka kwenye baridi hutoa majimaji njiani. Gauni liwe la mikono mirefu, shingo imefunga, kubwa kuliko saizi yake. Kwa kawaida hupasuliwa mgongoni ili kumvika, kwa hiyo msipeleke vazi ambalo kuna binti analitolea macho.

Halafu karatasi. Hospitali itawapa kibali cha mazishi na taarifa ya kifo. Kabla hamjaondoka dirishani linganisheni jina na kitambulisho chake cha taifa (NIDA), herufi kwa herufi. Likikosewa pale, kosa linahamia kwenye cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, na benki au mahakama ikifika zamu ya mirathi watawarudisha mlikotoka. Nakala halisi zikae kwenye gari lililobeba mwili. Zisikae kwenye mkoba wa mtu aliyepanda Coaster, basi dogo la waombolezaji.

Fundi Saruji
Kama mnajengea, pigeni simu Marangu usiku huu huu. Ijumaa mmechelewa.

Shimo lichimbwe futi 8 kwa 4, kina futi 6. Ukuta wa tofali za inchi 6 ukiinuka futi 3 kutoka chini, nafasi ya ndani inabaki futi 7 kwa 3. Tofali 65 zinatosha, za kuvunjika zikiwemo. Kifuniko kiwe mabamba manne ya zege, kila moja futi 4 kwa 2, unene inchi 3, ndani nondo za milimita 10. Simenti mifuko minne inamaliza ukuta, sakafu nyembamba na mabamba. Bamba moja linakaribia kilo 140, kwa hiyo andaeni vijana wanne wenye nguvu na kamba mbili. Yamwagwe kesho asubuhi, yafunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Zege ya siku moja itakatikia mikononi mwa watu, mchungaji akiwa amesimama pale pale.

Kosa ninaloliona kila mara: fundi anapewa vipimo vya jeneza, vishikio havikuhesabiwa. Vile vya chuma vya pembeni vinaongeza inchi nne na zaidi. Aliyepo Dar apime kutoka ncha ya kishikio hadi ncha ya kishikio kingine, aseme namba hiyo kwenye simu.

Mkizika kwenye udongo ni rahisi zaidi na hakuna ubaya wowote. Ila marumaru na msalaba wa zege msiviweke mwezi huo. Masika moja ipite kwanza, udongo ushuke, la sivyo mtajenga mara mbili.

Mhazini wa Tanga
Ahadi si hela. Bajeti ifuate taslimu iliyopo mezani kila jioni, ahadi ziandikwe ukurasa wake. Mhazini awe mmoja na namba ya kupokelea moja, na jina linalotokea mtu akituma liwe lake. Msitumie namba ya mfiwa. Hela ya kamati itachanganyika na rambirambi anazotumiwa yeye binafsi, na hakuna atakayethubutu kumuuliza.

Lipeni kwanza mochwari na dawa, jeneza, gari la mwili, kaburi. Chakula kinafuata. Muziki, picha za video na fulana zenye sura ya marehemu vije mwisho kabisa, kama kuna kilichobaki. Fulana zimeshaua bajeti nyingi.

Mlo mmoja wa siku ya mazishi kwa watu 300: mchele kilo 40, nyama kilo 50, na maji lita 1,000 ya kupikia na kuoshea, mbali na ya kunywa. Wapishi waambieni 350, majirani hawaandikwi kwenye orodha.

Upande wa kanisa, chukueni barua ya utambulisho kwenye usharika wake wa Dar kabla ya Alhamisi. Mchungaji wa Marangu ataiulizia kabla hajakubali ratiba.

Na ratiba yenyewe huvunjikia kwenye heshima za mwisho. Mtu mmoja anachukua kama sekunde kumi, watu 300 kwenye mstari mmoja ni dakika 50. Wekeni mistari miwili, mmoja kila upande wa jeneza.

Mjukuu wa Kihamba
Asanteni sana, nimeandika yote. Kuna wanaotaka tusafiri usiku ili tuzike moja kwa moja tukifika. Mnaonaje?

Nesi Mstaafu
Hapana. Dereva amechoka, wafiwa hawajalala, na gari likiharibika Korogwe ibada nzima imekwenda. Ijumaa mwili utoke mochwari saa 1 asubuhi, ibada nyumbani saa 3, mwondoke saa 5. Mtafika kama saa 4 usiku. Hamna haja ya kuingia Moshi mjini, kateni kona Himo kuelekea Marangu.

Fundi Saruji
Mtu akaitazame pia njia ya kuingia kihambani mapema. Nyingi hazipitishi gari refu, na mvua ikinyesha hata fupi linakwama. Kama hapapitiki, vijana wa kubeba wawe wanane, wanne wakipokezana na wanne, na upande wa miguu wa jeneza ndio utangulie mbele.