Morris Minor: pampu ya petroli inagonga tu, haivuti. Naomba ushauri

Kijana wa Bondeni
Wakuu salaam. Niko Moshi, nina Morris Minor ya 1964 niliyoachiwa na babu. Injini ni cc 1098, pampu ni ile ya umeme ya SU iliyofungwa huku mbele kwenye chumba cha injini. Gari likilala, asubuhi nikifungua swichi pampu inagonga tatatata mfululizo na mafuta hayaji. Nikimwagia kabureta petroli kidogo linawaka, pampu inashika, siku nzima nadunda nalo. Ila Jumamosi, natoka Himo napandisha Marangu na jua la saa nane, likaanza kukohoa mpaka likazima.

Fundi mmoja anasema tuitupe, anifungie pampu ya Toyota ya ndani ya tangi kwa kuwa "ina nguvu". Naomba kuwasilisha.

Spana 13
Nguvu ya kuunguzia gari hiyo. Pampu ya gari la nozeli inasukuma kwa presha ya bar 3 hivi, ni zaidi ya psi 40. Kabureta yako inataka psi 2 au 3 tu. Floti, lile boya la ndani ya kabureta, haitaweza kuzuia, petroli itafurika, na kwenye Minor kabureta imekaa upande uleule wa egzosi. Mwambie huyo fundi asante.

Mama Gereji
Pampu inayogonga haijafa, mdogo wangu. Ingekuwa kimya ndiyo ningekwambia uangalie pointi za umeme za ndani ya pampu na waya wa arthi. Kugonga haraka hivyo ni kwamba inavuta hewa. Na kwenye Minor inavuta kutoka tangini huko nyuma kabisa, kwa hiyo tundu dogo popote njiani linatosha. Usitafute petroli inayodondoka, hutaiona: upande wa kuvuta, hewa ndiyo inayoingia.

Chomoa paipu ya tangi pale kwenye pampu, funga mpira mpya wa petroli, ncha nyingine itumbukize kwenye galoni. Ikishika papo hapo, pampu ni nzima, fuata paipu. Isiposhika, fungua vali. Ndani mna visahani vyembamba vya shaba. Uchafu kidogo ukikaa chini yake, mafuta yanarudi tangini usiku. Na ufanyie nje, siyo jirani na jiko la mkaa.

Mpanda Kilima
Hiyo ya Marangu mimi nahisi mfuniko wa tangi. Kitundu cha hewa kikiziba, pampu inavuta mpaka inashindwa. Likizima tena fungua mfuniko, usikilize kama unanyonya hewa.

Kijana wa Bondeni
Mrejesho. Mfuniko hauna tatizo. Kwa galoni imeshika palepale, ikagonga kidogo ikanyamaza. Nimeingia uvunguni: karibu na ekseli ya nyuma kuna mtu alishakata paipu ya chuma akaiunga kwa mpira wa maji, akaukaza kwa waya na kupaka silikoni. Mpira umelainika, ukiubonyeza alama ya kidole inabaki. Silikoni inabanduka kwa kucha.

Spana 13
😂😂 Mafundi wetu hawa!

Mama Gereji
Umeshampata mchawi. Silikoni na petroli havikai pamoja, inavimba na kuachia. Usiunge tena hapo katikati, vuta paipu moja nzima ya shaba mpaka mbele, ipite mbali na egzosi. Nati za kuungia nunua na wosha mpya. Wosha za faiba zikishakandamizwa mara moja hazizibi vizuri tena. Kata kipande cha paipu ya zamani uende nacho dukani, usikadirie kwa macho. Kabla hujafunga, puliza paipu yote na usafishe chujio la pampu, maana vipande vya huo mpira vitakuwa vimeshafika huko.

Kijana wa Bondeni
Na Marangu je, ni huohuo mpira?

Mama Gereji
Huohuo kwa sehemu kubwa. Kwenye joto petroli inatoa mvuke, na pampu inayokula hewa haina akiba ya kupambana na mvuke juu yake. Badilisha kwanza, kisha kapandishe tena saa nane ileile. Likikohoa, njoo na picha inayoonyesha paipu inavyopita jirani na egzosi.